TV Haioni Kompyuta: Anza na Waya, Usianze na Blanketi

Wateja wangu wengi wa tatizo hili hunifikia hapa Mwanjelwa, Mbeya, wakiwa wamekumbatia TV. Inchi 43, imeviringishwa blanketi la kitandani, imepanda bajaji kutoka Iyunga au Nzovwe, dereva akikwepa mashimo kama amebeba mayai. Naiweka mezani, nachomeka kompyuta yangu kwa waya wangu, picha hiyoo. Namuuliza mwenye mali: waya wako uko wapi? Ameuacha nyumbani, unaning'inia ukutani. Yaani mgonjwa amebaki kitandani, aliyeletwa hospitali ni shemeji yake.

Hapa kuna watu watatu kazini: kompyuta inayotuma, waya unaobeba (pamoja na adapta kama ipo), na TV inayopokea. Picha ikikosekana, jambo la kwanza ni kujua nani amegoma. Sababu ya mgomo itatafutwa baadaye. Na kumjua hakuhitaji mita wala bisibisi: badilisha mmoja, wawili waache walivyo.

Kama una king'amuzi cha HDMI (ule waya wa kichwa bapa unaobeba picha na sauti pamoja), tayari una waya wa akiba na mtumaji wa akiba ndani ya nyumba. Chomoa waya upande wa king'amuzi, uchomeke kwenye kompyuta, upande wa TV usiuguse. Picha ikija, kesi iko kwa waya wako wa zamani au kwa tundu ulilokuwa unatumia. Isipokuja, TV na ule waya vimeshajitetea, maana dakika moja iliyopita vilikuwa vinaonyesha taarifa ya habari. Kesi imehamia kwenye kompyuta.

Kipimo cha pili ni chepesi zaidi: bonyeza kitufe cha menyu kwenye rimoti. Menyu haitoki kwenye kompyuta, TV inaichora yenyewe. Ikionekana safi, kioo ni kizima. Ikiwa nayo haionekani, au ina mistari, acha kuhangaika na kompyuta.

Na kama sauti ipo lakini kioo ni giza, zima taa za chumba, washa tochi ya simu, iweke karibu na kioo kwa kuilaza kidogo. Ukiona kivuli cha picha kikitembea kwa mbali, TV inachora vizuri tu ila taa zake za nyuma zimekufa. Hiyo ni kazi ya fundi kweli, na hapo blanketi linaruhusiwa.

"Inaandika No Signal"

Maneno haya hayasemi TV imekufa. TV iko macho, imekaa mlangoni, na hakuna aliyebisha hodi kwenye mlango inaoulinda. Mara nyingi mgeni amebisha mlango mwingine. Kuna HDMI 1 na HDMI 2, pengine na 3. King'amuzi kimekaa moja, wewe umechomeka mbili, rimoti bado iko moja. Bonyeza "Source" au "Input" mpaka jina lilingane na namba iliyoandikwa pembeni ya tundu. Namba hiyo isome kwa tochi. TV ikishafungwa ukutani watu hupapasa na kukisia, na kukisia huku nimekuona kukila jioni nzima.

Mlango ukiwa sahihi na bado kimya, nenda kwenye kompyuta. Mwalimu mmoja wa Mafinga aliwahi kunipigia asubuhi ya kikao cha wazazi.

"Fundi, kamwene. TV imenigomea."

"Pole mwalimu. Inaandikaje?"

"No Signal. Na wazazi wameshaanza kukaa."

"Shikilia kitufe cha Windows, ugonge P. Unaona nini?"

"Kuna mistari minne imetokea pembeni. Wa kwanza ndio umewekewa rangi."

"Shuka wa pili, gonga Enter."

Kimya kidogo, halafu nikasikia ukumbi wote: aaah.

Mistari hiyo minne inafaa kuijua, maana kila mmoja huzaa malalamiko yake. "PC screen only" ni kompyuta peke yake, TV inanyimwa. "Duplicate" ni picha ileile pande zote mbili. "Extend" huifanya TV kuwa meza ya pili kando ya ile ya kwanza, na hapo ndipo mtu anasema "inaonyesha picha ya maua tu, faili zangu hazipo". Faili zipo kwenye meza ya kwanza. Sogeza kipanya hadi kivuke ukingo wa kioo cha kompyuta, utakiona kimetokea kwenye TV. Programu iliyopotelea upande wa pili hurudishwa kwa Windows na Shift pamoja na mshale wa kushoto au kulia. Wa nne, "Second screen only", huzima kioo cha kompyuta na kuacha TV peke yake. Dada mmoja wa stesheneri aliniletea kompyuta "iliyokufa" na kumbe aliuchagua mstari huu jana yake, akachomoa waya huku kompyuta imeganda, akaamini kioo kimeungua. Windows na P, mara moja, akaondoka nayo.

Sasa tuseme mlango ni sahihi, "Duplicate" umechagua, na bado hakuna kitu. Hapo tunaingia kwenye salamu. Huku kwetu mtu haanzi shida yake kabla ya kusalimia. Ukianza tu, mwenzio anakutazama. HDMI nayo ina adabu hiyohiyo. Waya wake una pini 19. Ya 18 inapeleka volti 5 kwenye TV, ya 19 inarudisha jibu kwamba "nipo", na kupitia ya 15 na ya 16 TV inajitambulisha: mimi ni mkubwa kiasi hiki, napokea picha za vipimo hivi na sauti za aina hii. Baada ya hapo ndipo kompyuta inatuma picha. Kwa hiyo waya unaweza kuwa na nyuzi zote za picha nzima, ukakatika uzi mmoja wa salamu, na usione chochote. Ndiyo maana "waya ni mpya huu, nimeununua jana" si utetezi unaonishawishi.

Salamu inaweza pia kuvurugika bila kitu kukatika, hasa kompyuta ikiamka kutoka usingizini kabla TV haijawaka. Dawa yake ni kurudia utaratibu: zima vyote, chomoa TV kwenye umeme dakika moja hivi, washa TV kwanza, chagua tundu, chomeka waya, mwisho washa kompyuta. Kama kompyuta imeshawaka na hutaki kuizima, bonyeza Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Kioo kitapepesa, utasikia mlio mfupi, na kompyuta itaanza upya shughuli zake za picha bila kufunga kazi ulizofungua. Watu wachache sana wanakijua kitufe hiki na kimeniokoa katikati ya sendoff.

"Ilikuwa sawa, nikapigiwa Windows"

Sentensi hii nikiisikia sihitaji hata kuona TV. Ukipiga Windows upya bila intaneti, mara nyingi kompyuta inabaki na draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kubangaiza. Fungua "Device Manager", panua "Display adapters". Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", umeshafika. Draiva hiyo inaendesha kioo cha kompyuta tu, wakati mwingine kwa picha iliyonenepa ya 1024 kwa 768, na kioo cha pili haikitambui kabisa. Unganisha intaneti, hata ya simu, ingia "Windows Update", tafuta masasisho pamoja na yale ya hiari, au chukua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta kwa namba ya modeli iliyobandikwa chini yake. Zile programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mpigo, ziache. Nimefuta matangazo yao kwenye kompyuta za watu mpaka nimechoka.

Matundu yanafanana, kazi hazifanani

USB-C ndiyo inayodanganya watu wengi siku hizi. Kuna kompyuta yenye tundu hilo lakini halitoi picha, linachaji au kupitisha data basi. Adapta ya USB-C kwenda HDMI inaingia vizuri, taa yake inawaka, na TV haioni kitu. Tazama pembeni ya tundu: alama ya radi yenye mshale, au herufi D na P zilizochorwa pamoja, ni dalili kwamba picha inapita. Pasipo alama, soma sifa za modeli yako kabla ya kununua adapta ya pili kwa kudhani ya kwanza ilikuwa feki.

Kwenye kompyuta ya mezani kosa ni lingine. Nyuma kuna HDMI mbili, moja juu karibu na matundu ya USB, nyingine chini kwenye kadi ya picha iliyolala. Kompyuta ikiwa na kadi, ile ya juu kwa kawaida imezimwa. Chomeka ya chini.

Halafu konveta, hasa za VGA, ule waya wa zamani wa kichwa chenye pini nyingi na skurubu mbili. Ya VGA kwenda HDMI na ya HDMI kwenda VGA zinafanana kama pacha ukizitazama dukani, lakini kila moja inakwenda upande mmoja tu. Kompyuta ya zamani yenye VGA na TV mpya yenye HDMI zinataka inayobadilisha VGA kuwa HDMI, na hiyo karibu daima ina mkia wa USB wa kuilisha umeme. Mkia huo usipochomekwa, konveta imelala. Waya wa DisplayPort (tundu lingine la picha kwenye kompyuta) kwenda HDMI nao hivyohivyo: kutoka kompyuta kwenda TV unafanya kazi, kinyume chake haufanyi.

Kingo zimekatwa, maandishi yana ukungu

Malalamiko haya huja na kompyuta ya hesabu za duka: "Sioni kile kitufe cha chini, saa imekatwa nusu." TV inakuza picha kidogo na kutupa kingo, desturi iliyorithiwa kutoka TV za chogo ambazo kingo zake hazikuwa za kutegemewa. Usiguse kompyuta kwanza. Kwenye menyu ya TV tafuta ukubwa wa picha. Kutegemea kampuni utakuta "Just Scan", "Screen Fit", "Full Pixel", "Dot by Dot" au "1:1". Ni kitu kilekile kwa majina ya ukoo tofauti. Kisipokuwepo, badilisha jina la tundu lenyewe liwe "PC" kwenye orodha ya vyanzo. TV nyingi zikiona jina hilo huacha kukuza picha na hupunguza urembo wake wa kunolea kingo, ule unaoweka kivuli cheupe kando ya kila herufi.

Ukungu una sababu ya pili, nayo ni hesabu. TV nyingi za inchi 32 kioo chake kina nukta 1366 kwa 768. Inapokea picha ya 1920 kwa 1080 bila kulalamika, kisha inaibana iingie. Sinema huoni tofauti. Herufi ndogo za Excel utaziona zimevimba. Ipe kompyuta kipimo cha kioo chenyewe, au kilicho karibu zaidi kwenye orodha. Na kinyume chake: kompyuta yenye kioo cha 1366 kwa 768 ikiwekwa "Duplicate" na TV kubwa, TV italazimika kula chakula cha mdogo wake. Chagua "Extend" au "Second screen only", halafu nenda kwenye mipangilio ya "Display", bofya kioo cha pili, ukipe 1920 kwa 1080.

TV ikiandika "Mode Not Supported" au "Invalid Format", imepokea salamu lakini imeletewa mzigo usioingia mlangoni. Shusha kipimo, na kwenye "Advanced display" weka 60 Hz, yaani picha 60 kwa sekunde. Shida inakuwa kwa mwenye kompyuta ya mezani ambayo TV ndiyo kioo pekee, maana hawezi kuona anachobadilisha. Azima kioo cha jirani ubadilishie hapo.

Rangi zimegeuka

Kwenye VGA hili ni somo tamu. VGA ni ya IBM, ya mwaka 1987, na bado iko kwenye kompyuta nyingi za ofisi za huku. Inabeba rangi tatu kwa njia tatu tofauti: pini ya 1 nyekundu, ya 2 kijani, ya 3 buluu. Ukipoteza nyekundu, nyuso za watu zinakuwa za bahari, buluu na kijani. Ukipoteza kijani kila kitu ni zambarau-pinki. Ukipoteza buluu, dunia imekuwa njano kama ndizi mbivu. Kwa hiyo rangi yenyewe inakuonyesha pini ya kutazama. Chomoa, mulika. Pini iliyopinda inyooshe taratibu kwa ncha ya kalamu ya wino iliyotolewa mrija: ivike pini ile ncha tupu, uisimamishe kidogo kidogo. Usitumie koleo, itakatika. Na ukiona pini ya 9, ile ya nne kwenye mstari wa katikati, haipo kabisa, tulia. Waya nyingi zimetoka kiwandani bila hiyo. Kisha kaza zile skurubu mbili za pembeni. Ziliwekwa zikazwe.

Kwenye HDMI rangi haziondoki moja moja hivyo. Picha nzima ikiwa ya kijani na zambarau, mara nyingi kompyuta na TV hazikuelewana namna ya kuandika rangi. Chomoa na uchomeke upya wakasalimiane tena. Nyeusi ikiwa kijivu, au vivuli vikiwa vimemezwa kabisa na giza, tafuta "HDMI Black Level" au "RGB Range" kwenye TV na ugeuze upande wa pili.

Inawaka, inazima, inaleta chenga

HDMI haina skurubu. Inashikiliwa na msuguano tu, na waya mzito unaoning'inia kutoka TV ya ukutani unaivuta usiku na mchana mpaka mdomo wa tundu unalegea. Shika kichwa cha waya, kitikise kidogo sana juu na chini. Picha ikija na kuondoka, umempata. Ufungie waya kwenye stendi uzito usiwe juu ya tundu. Tazama pia ule ulimi ulio ndani ya tundu. Upande mpana wa kichwa cha HDMI una mahali pake, na waliochomeka kinyume kwa nguvu wameuvunja.

Vidoa vinavyometameta kama nyota, au giza la sekunde mbili kisha picha, ni dalili ya waya usioweza mzigo. Waya mwembamba wa mita 10 unaobeba 1080 vizuri unaweza kushindwa ukiupa 4K, picha yenye nukta mara nne ya hizo. Toleo la 1.4 la HDMI, la mwaka 2009, lilifikisha 4K kwa picha 30 kwa sekunde; kwa picha 60 ilibidi lije toleo la 2.0 la mwaka 2013, nalo linadai waya bora zaidi. Shusha kipimo uone: chenga zikiisha, waya ndio dhaifu. Ukumbini, kuanzia mita 15 na kuendelea, fikiria kiongeza nguvu au waya wa nyuzi za mwanga. Huo wa mwanga una upande. Kichwa kimoja kimeandikwa "Source", kingine "Display". Kuna kanisa huko Uyole tuliupitisha darini, tukapiga misumari na kufunika ceiling board, ndipo tukasoma vichwa. Tuliushusha wote. Nilikuwa mimi juu ya ngazi, kwa hiyo simlaumu mtu.

Mistari mipana inayopanda polepole kioo kizima ni habari tofauti, hasa kwenye VGA na AV (zile plagi za njano, nyekundu na nyeupe). Chomoa chaja ya kompyuta, iache itumie betri. Mistari ikitoweka, waya ni mzima. Umeme wa TV na wa kompyuta unagombana kwenye ardhi, yaani ule waya wa ethi. Chomeka vyote viwili kwenye ekstensheni moja. Mara nyingi inatosha.

Niongeze neno kuhusu ardhi hiyo, maana linaua vifaa vingi. Chaja ya pini mbili kwenye soketi zetu za matundu matatu haiingii, kwa hiyo mtu anasukuma kalamu kwenye tundu la juu, mlango unafunguka, chaja inaingia. Wengine wameikata kabisa pini ya tatu ya ekstensheni. Matokeo yake unagusa bodi ya chuma ya kompyuta, unahisi mtekenyo. Mtekenyo huo ukikutana na mwili wa TV, cheche ndogo inapita hapohapo kwenye kichwa cha HDMI, na chipu ya HDMI haivumilii mizaha. Ukihisi mtekenyo, zima vyote ukutani, chomeka HDMI kwanza, ndipo uwashe. Na tafuta plagi yenye ardhi ya kweli.

Baridi, unyevu na radi

Juni na Julai, TV iliyosafiri usiku nyuma ya pikapu kutoka Makambako kwenda Makete inafika ikiwa baridi kuliko jiwe. Ukiiingiza ukumbini penye watu na jiko la mkaa, inatokwa jasho ndani kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Usiiwashe. Iache saa moja au mbili, blanketi limefunguliwa, ikauke.

Tukuyu mvua haina mapumziko, na matundu ya HDMI kule hufanya ukoko wa kijani. Chunya ni vumbi. Vyote viwili husafishwa kwa mswaki laini na spiriti safi kidogo, vifaa vikiwa vimechomolewa ukutani, halafu unasubiri pakauke kabisa. Kupuliza kwa mdomo ni kuongeza mate.

Radi ndiyo mbaya zaidi. Kuanzia Novemba hadi Aprili napokea TV ambazo menyu inaonekana, flashi inacheza, lakini HDMI moja au zote haziamki. Ukiuliza, king'amuzi nacho kilizimika usiku uleule. Pigo liliingia kupitia waya wa dishi, likapita king'amuzi, likatokea kwenye HDMI ya TV, na kama kompyuta ilikuwa imechomekwa, likagusa na yake. Kuzima ukutani hakutoshi, kwa sababu waya wa dishi bado umeshika. Mawingu yakianza kunguruma upande wa Mlima Loleza, fungua ule waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Kama imeshatokea na HDMI 1 imekufa, jaribu ya 2 kabla ya kulia.

Mengine ya haraka

Picha ipo, sauti inatoka kwenye kompyuta: bofya alama ya spika chini kulia, chagua jina la TV. VGA haibebi sauti kamwe. Unahitaji waya mdogo wa spika kwenda kwenye tundu la sauti lililo jirani na "PC In".

Kila kitu kinaonekana ila sinema ya kulipia inakuwa nyeusi: ni ulinzi dhidi ya kunakili, unaoitwa HDCP. Konveta za bei ya chini hazijui kuujibu, na VGA haina lugha yake. Tumia HDMI moja kwa moja.

Mpira bila waya, kwa Windows na K: inawezekana, lakini picha inachelewa. Kwenye kibanda umiza utasikia goli kwa jirani kabla hujaliona kwako, na wateja watahama. Tumia waya.

TV ya chogo kwa konveta ya HDMI kwenda AV: picha ikiwa nyeusi na nyeupe au inabiringika, tazama swichi ndogo ubavuni, iweke PAL. Ukishaiona, usitegemee kusoma Excel. Chogo ya PAL ina mistari 576 ya picha. Kwa sinema na kwaya inatosha, kwa herufi ndogo hapana, na hakuna konveta itakayobadilisha hilo hata muuzaji akiapa.

Ukiamua kuja kwa fundi

Njoo na waya uleule unaokusumbua, adapta yake, na chaja ya kompyuta. TV ikiwa imeandika maneno, yapige picha kwa simu, maana "iliandika kitu fulani hivi cha Kiingereza" hakinisaidii. Na rimoti, tafadhali. TV nyingi za siku hizi zina kitufe kimoja tu, kimefichwa chini ya kioo, na kubadilisha kutoka HDMI 1 kwenda 2 kwa kitufe hicho ni kama kupiga simu kwa kugonga ukuta.